Hadi diski ya nje kwa ajili ya bakapu ya laptopu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndo maswali watu wanayouliza sana wakitaka kununua hadi diski ya nje, mengine dukani, mengine kwenye magrupu ya WhatsApp, na mengine yanakuja usiku wa manane laptopu ya mtu ikishagoma kuwaka. Chagua la kwako usome, ila la kwanza usiliruke.

Nikihamishia mafaili yangu kwenye diski ya nje si ndo tayari nina bakapu?

Hapana, na hapa ndo wengi wanapoumia. Ukikata picha kwenye laptopu ukazipesti kwenye diski ili laptopu ipate nafasi, hapo umehamisha tu, nakala bado ni moja ile ile, tena sasa ipo kwenye kidude kidogo kinachoanguka kirahisi kuliko hata laptopu yenyewe. Bakapu ni pale faili linapokuwepo sehemu mbili kwa wakati mmoja. Jiulize hivi, hii diski ikidumbukia kwenye ndoo ya maji sasa hivi nimepoteza nini? Kama jibu ni hela ya diski tu basi uko salama. Kama jibu ni picha za harusi, tesisi na hesabu za duka tangu 2019, wewe una stoo, huna bakapu.

Kwa hiyo kama shida yako kubwa ni laptopu kujaa, na hapo hapo unataka bakapu, hizo ni kazi mbili na zinataka diski mbili. Sio maneno ya muuza duka hayo, ndo ukweli wenyewe.

Kwani siku hizi fundi hawezi kutoa hadi diski ya laptopu iliyokufa akaniokolea mafaili?

Zamani ilikuwa rahisi, laptopu ikifa bodi fundi anafungua skrubu mbili tatu anachomoa hadi diski anaichomeka kwenye kasha la USB na mafaili yako yote haya hapa. Sasa hivi mambo mawili yameharibu huo mchezo. Moja, MacBook za siku hizi na baadhi ya laptopu nyembamba sana zina chipu za kuhifadhia zilizounganishwa moja kwa moja kwenye bodi, hamna cha kuchomoa, bodi ikiungua na mafaili yameenda. Mbili, laptopu nyingi za Windows 11 zinafunga diski yenyewe kwa BitLocker, yaani kufuli la data la Windows, bila hata mwenyewe kujua, ukiitoa ukaichomeka kwingine inakuomba namba ya tarakimu 48, na mwenye laptopu ndo kwanza anaisikia hiyo namba. Mara nyingi imehifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft, sasa kama akaunti ilifunguliwa na kijana wa dukani siku laptopu inanunuliwa, hapo kazi ipo. Nenda kaitafute leo uiandike kwenye karatasi, laptopu ikiwa bado nzima.

Nichukue HDD ya kawaida au SSD?

Kwa bakapu ya kukaa nyumbani, inayochomekwa mara moja kwa wiki na kurudishwa kabatini, HDD inatosha kabisa na ndo inakupa nafasi kubwa kwa hela ndogo. Ndani ina sahani zinazozunguka, hizi ndogo za inchi 2.5 nyingi ni mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani bila kuigusa. Ndo maana ikiwa inafanya kazi haitakiwi kunyanyuliwa, kugongwa wala kuvutwa kwa waya, mtoto akipita akajikwaa kwenye waya basi tena.

SSD haina kitu kinachozunguka, inavumilia kuanguka, ni nyepesi, na spidi yake ni ya kutisha. HDD ya kubeba inakupa kama megabaiti 100 hadi 140 kwa sekunde, SSD ya nje ya kawaida inaenda kwenye 500, na nzuri zaidi zinafika 1,000 kama poti ya laptopu inaruhusu. Kwa mtu wa kazi za video, au mtu anayebeba diski kwenye begi kila siku kwenye daladala na bodaboda, mimi nasema jikaze ununue SSD. Pia kama wewe ni mtu wa kuahirisha bakapu kwa sababu inachukua muda, SSD itakusaidia kuliko nasaha zangu.

Kitu ambacho wauzaji hawasemi ni kwamba SSD haipendi kusahaulika. Inatunza data kwa chaji ya umeme ndani ya chipu, na chaji hiyo inavuja polepole, hasa SSD iliyochoka ikikaa sehemu ya joto. Usiiweke SSD kwenye sanduku miaka mitatu ukategemea kila kitu kiwepo. Ichomeke mara kwa mara. Kwa kitu cha kufungia muda mrefu, HDD bado ndo mwenyewe.

Ukubwa gani unatosha?

Angalia laptopu yako imetumia kiasi gani, zidisha mara mbili, nunua saizi inayofuata hapo juu. Laptopu ya GB 512 iliyojaa nusu, terabaiti 1 inakutosha vizuri. Usinunue ndogo ya kubana, kwa sababu programu za bakapu zinatunza na matoleo ya zamani ya faili, na hayo yanakula nafasi.

Na usigombane na muuzaji ukiona diski ya 1TB inasoma GB 931. Haujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, nafasi ni ile ile. Ila 1TB ikisoma 465 hapo gombana, umepewa ya GB 500.

Kampuni ipi ni nzuri?

Kwenye HDD duniani kwa sasa viwanda ni vitatu tu, Seagate, Western Digital na Toshiba. Samsung walijitoa, wakaiuzia Seagate biashara yao ya HDD mwaka 2011. Jina lingine lolote unaloliona kwenye HDD mpya, ndani kuna mzigo wa mmoja wa hao watatu uliovalishwa kava. Kwa hiyo ubishi wa kampuni ipi ni bora mimi siuingii, kila mtu anachukia ile iliyomfia. SSD ndo kuna majina mengi zaidi, kwenye za nje Samsung, SanDisk na Kingston zinapatikana na zinaeleweka.

Mimi ninachoangalia zaidi ni duka. Je wana risiti, wana garantii ya maandishi, na wakikuuzia mbovu wapo kesho? Na ujue garantii inakubadilishia diski, mafaili haikurudishii, hata moja.

Nimeona SSD ya terabaiti 16 inauzwa bei ya chee, nichukue?

Usichukue. Hii ndo naulizwa kuliko zote na jibu halibadiliki. SSD ya kweli ya 16TB ni hela nyingi sana, sio kitu cha kupangwa kwenye meza ya chaja na earphone.

Acha nieleze ilivyo ndani, maana ukishajua hutashawishika tena. Kava ni la bati au plastiki inayong'aa, limebanwa bila skrubu, ukilibandua kwa bisibisi bapa linafunguka kirahisi. Unakuta kibodi kidogo chenye poti ya USB, kimeshikiliwa na gundi ya moto, na juu yake imechomekwa memori kadi moja, saa ingine mbili, zile zile za simu. Nyingine wamebandika na kipande cha chuma ili mkononi isikie uzito. Memori kadi yenyewe ni ya GB 64 au 128, lakini imechezewa iidanganye kompyuta kwamba ni 16TB, na kompyuta inaamini kabisa, ukiangalia nafasi unaona 16TB imeandikwa.

Ubaya wake unakuja baadaye. Ukikopi GB 20 za kwanza zinaenda vizuri, unafungua picha zinafunguka, unafurahi, unawaambia na wenzako wakanunue. Ukishavuka ule ukubwa wa kweli, inaendelea kupokea mafaili, majina yanaonekana, saizi inaonekana, ila ndani hamna kitu, au inaandika juu ya yale ya mwanzo. Siku unayahitaji ndo unagundua kuna mafolda mazuri yaliyopangwa yenye mafaili yasiyofunguka.

Kama ulishanunua, kwenye Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw, kwenye Linux na Mac ipo F3, zinajaza diski nzima halafu zinasoma tena kilichoandikwa. Inachukua masaa lakini haidanganyiki. Fanya hivyo hivyo kwa diski yoyote mpya yenye bei ya kutia shaka, kabla hujaweka faili la maana.

Nikiwa dukani, mfano Kariakoo, nikague nini kabla ya kulipa?

Nenda na laptopu yako, na usione aibu kukaa hapo kaunta dakika kumi. Sili ya boksi iwe haijaguswa, serial namba iliyo kwenye boksi ifanane na iliyo kwenye diski yenyewe, halafu iingize kwenye tovuti ya kampuni uone inatambulika na garantii yake inaishia lini. Ukichomeka, fungua CrystalDiskInfo, ni ya bure, ndogo, unaweza kuiweka kabla hujatoka nyumbani. Inakuonyesha diski imewaka masaa mangapi tangu izaliwe na imewashwa mara ngapi. Mpya inatakiwa iwe sifuri au karibu na sifuri. Ukiona masaa 14,000 kwenye kitu ulichoambiwa kipya, hiyo imetolewa kwenye kamera za ulinzi au kwenye kompyuta za ofisi ikavalishwa kava jipya, rudisha taratibu ondoka, wala usipandishe sauti.

Rangi ya bluu kwenye hiyo programu maana yake nzima, njano ni onyo, nyekundu usiiguse. Kuna makasha machache ambayo hayaonyeshi hizo taarifa kabisa, hapo rudi kwenye sili na risiti.

Ya mtumba je?

Laptopu ya mtumba sawa, diski ya bakapu ya mtumba hapana. Isipokuwa ile HDD uliyoitoa mwenyewe kwenye laptopu yako wakati unaweka SSD, hiyo unaijua historia yake, nunua kasha la USB la inchi 2.5 ichomeke humo, unapata nakala ya pili kwa bei ya chakula cha mchana. Ila isiwe nakala ya pekee.

Mbona kukopi kunachukua siku nzima?

Mara nyingi ni poti. USB 2 ya zamani kwa uhalisia inakupa megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde, kwa hiyo GB 300 ni zaidi ya masaa mawili. Poti ya USB 3, ambayo kwenye laptopu nyingi ndani yake ni bluu, HDD hiyo hiyo na mzigo huo huo ni chini ya saa moja. Angalia na waya, HDD nyingi za kubeba zinatumia ule waya wenye kichwa kipana bapa kilichogawanyika sehemu mbili, na kile kichwa kidogo cha chaja za simu za zamani kinaingia kwenye nusu ya ile poti na diski inasoma kabisa, ila kwa spidi ya zamani. Watu wanatumia hivyo miaka.

Halafu mafaili madogo madogo laki mbili yanachelewa kuliko video moja kubwa hata kama jumla ya GB ni sawa. Na HDD za kubeba nyingi zinaanza kwa kasi zinapooza katikati, ndivyo zinavyoandika, sahani zake zimebananisha mistari ya data ikapandana kama vigae, kwa bakapu sio tatizo, iache ifanye kazi ukalale.

Nikichomeka inalia tik tik tik na haionekani, nifanyeje?

Kwanza badilisha waya, halafu chomeka moja kwa moja kwenye laptopu, sio kwenye habu ya poti nne iliyobeba mausi, kibodi na feni. HDD inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi na habu dhaifu haimudu, inabaki inajaribu na kushindwa. Ikikubali kwenye poti nyingine, pona yako, fanya bakapu ya hiyo bakapu siku hiyo hiyo.

Ikiendelea kugonga kwenye waya mzuri na poti nzuri, chomoa. Usiiwashe washe kuona kama bahati itakuja, kila ukiwasha kichwa kinaweza kuwa kinakwangua sahani. Usiigonge mezani, usiiweke kwenye friza, hiyo ya friza ni hadithi ya zamani na unyevu ndo unaimaliza. Kama kilichomo kina thamani ya kweli peleka kwa watu wenye vifaa vya kuokoa data, na ujiandae kwa bili, mara nyingi inapita mbali bei ya diski mpya. Kama kipo na kwenye laptopu, ambayo ndo maana ya bakapu, cheka tu nunua nyingine.

NTFS, exFAT, FAT32, hivi vitu vinanihusu?

Vinakuhusu kidogo. Hizo ni namna za diski kupanga mafaili ndani yake, unachagua wakati wa kufomati. Unatumia Windows tu, acha NTFS. Unatumia Mac tu, Mac yenyewe itaipanga upya ukiwasha Time Machine, programu yake ya bakapu, na itafuta kila kitu kilichomo kwa hiyo toa vitu kwanza. Unahama kati ya Windows na Mac, tumia exFAT, kwa sababu Mac inasoma NTFS lakini haiandiki juu yake. exFAT ina ubaya mmoja, ukiichomoa ghafla inaharibika kirahisi kuliko NTFS, zoea kubonyeza kutoa kwa usalama. FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, ndo maana ile muvi inagoma kuingia hata kama nafasi ipo tele.

Sasa bakapu yenyewe naifanyaje, nikopi kwa mkono?

Kwa mkono ni bora kuliko kutofanya, ila utasahau na hutakumbuka ulikopi nini mara ya mwisho. Kwenye Windows kuna File History, ipo tangu Windows 8, kwenye Windows 11 unaikuta ndani ya Control Panel. Unachomeka diski, unaiwasha, inachukua Documents, Pictures, Desktop na wenzake, na inatunza matoleo ya zamani, kwa hiyo hata ukiharibu ripoti Jumanne unaweza kurudisha ile ya Jumatatu. Haichukui programu zako, na kama kazi zako umeziweka kwenye folda ulilolitengeneza mwenyewe kwenye D, hakikisha limo, watu wengi sana wanaweka kila kitu kwenye D halafu wanaamini Windows inajua.

Mac ni Time Machine, chomeka kubali basi. Ya Linux sikufundishi, mnajijua.

Halafu kuna hatua ambayo karibu kila mtu anairuka, jaribu kurudisha. Chagua faili moja la maana, lirudishe kutoka kwenye diski, lifungue. Kama linafunguka, na tarehe yake ni ya juzi, sio ya mwaka jana, hapo ndo lala.

Niiache imechomekwa muda wote ili ijifanye yenyewe?

Mimi nasema hapana. Kirusi kinachofunga mafaili na kudai hela, kama kile WannaCry cha Mei 2017, kinafunga kila diski kinayoikuta imechomekwa, pamoja na bakapu yako. Umeme ukipiga shoti ukapita kwenye chaja, unaweza kuondoka na vyote viwili. Mwizi naye haachi diski iliyoning'inia kwenye laptopu anayoibeba. Chomeka, ifanye kazi, chomoa, weka chumba kingine. Ikiwezekana kuna ya pili ipo kwa dada yako au ofisini, mnabadilishana kila mwezi.

Weka ratiba inayoshikika. Mwenye duka, kila jioni ya kufunga hesabu. Mwanafunzi wa tesisi, kila unapomaliza kuandika. Wengine, Jumapili.

Folda zote zimegeuka shotkati, mafaili yameliwa?

Mara nyingi hayajaliwa, yamefichwa. Hicho ni kile kirusi cha steshenari, diski imechomekwa kwenye kompyuta ya kuprinti ikarudi nacho. Usibonyeze hizo shotkati. Kwenye kompyuta safi fungua kidirisha cha amri, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya diski yako, mafaili yanajitokeza, yakopi, skani, fomati diski. Na kwa kuprinti beba flashi yenye faili moja unalotaka kuprinti. Diski ya bakapu haiendi steshenari.

Niweke paswedi?

Kama inatoka nyumbani, weka. Windows Pro ina BitLocker, bonyeza kulia kwenye diski uiwashe. Windows Home inafungua diski iliyofungwa lakini haiwezi kuifunga yenyewe, tumia VeraCrypt, ni ya bure. Mac inakuuliza yenyewe wakati wa kuwasha Time Machine. Na kama unabeba taarifa za watu, wagonjwa, wanafunzi, wateja wa mkopo, sio suala la kupenda tena, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina ya kwao ya 2019. Paswedi iandike mahali, maana ukiisahau hamna fundi wa kukusaidia, na yeyote anayesema anaweza anataka hela yako.

Si niweke tu Google Drive niachane na haya madude?

Weka vyote viwili kama unaweza. Google wanakupa GB 15 bure, hizo zinatosha tesisi, vyeti na mikataba, na zitabaki hata nyumba ikiungua. Ila GB 500 za picha na video, kwa intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, ni zaidi ya siku tisa usiku na mchana bila kukatika, na bando ndo usiseme. Vikubwa kwenye diski, muhimu sana kwenye diski na kwenye wingu.

Nakaa Tanga karibu na bahari, kuna tofauti?

Ipo. Hewa ya chumvi inakula vichwa vya waya na poti, vinaota kutu ya kijani. Ihifadhi kwenye kopo linalobana na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Popote ulipo, usiiache kwenye gari juani.

Nimenunua mpya, ya zamani niiuze?

Ukishahakikisha mpya inasoma, ya zamani inakuwa nakala ya pili, kwa nini uiuze. Ukiamua kuiuza basi usifanye ile fomati ya haraka, hiyo inafuta orodha tu na mafaili yanabaki, mtu mwenye programu ya bure anayatoa yote. Kwa HDD, kwenye dirisha la kufomati la Windows toa tiki kwenye Quick Format, iache masaa kadhaa iandike sifuri diski nzima. Ikiwa imekufa haiwaki, hiyo hata kwa fomati haifikiki, fungua skrubu, toa sahani, kwangua pande zote. Za inchi 2.5 nyingi ni za kioo, vaa miwani na weka kitambaa juu kabla hujapiga nyundo.